Akisoma, Hatumwoni Tena

Wasikilizaji, hotuba za tarehe 12 Mei mmezisikia. Siku ya Wauguzi Duniani imepita, mishumaa imewashwa, kiapo kimerudiwa, wauguzi wamehimizwa wasome zaidi wabobee. Tunapongeza. Kituo hiki cha redio kina swali moja: wakishabobea, wanakwenda wapi?

Muuguzi wa zahanati akisoma, hatumwoni tena. Anaondoka na cheti, na shahada anayoipata inampeleka hospitali ya rufaa au ofisini. Si kosa lake. Ikama ya zahanati, yaani idadi ya watumishi iliyopangiwa, haina nafasi ya muuguzi mwenye shahada ya uzamili. Akisoma, hatumwoni tena.

Na huku anakotoka ndiko waliko mabinti zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wamewahi kushika mimba. Hapa Songwa, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, tunazijua sura zao. Kijana anasikia rashi ya dhahabu imetoka Mwakitolyo, au Nyarugusu kule Geita, anapanda gari. Wengine wanaondoka kwa nia njema kabisa, kutafuta hela ya sabuni na nguo za mtoto. Duara, yaani shimo la dhahabu, likigoma, simu nayo inazimwa. Binti anabaki na tumbo. Akienda kliniki hudhurio la kwanza, anaulizwa mwenza yuko wapi. Nia ni wapime pamoja virusi vya UKIMWI, na ni nia nzuri. Lakini sehemu nyingine asiye na mwenza huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti yuko mnadani. Binti anarudi nyumbani, na wapo wasiorudi tena kliniki mpaka uchungu uwashike.

Muuguzi aliyebobea katika ukunga au afya ya mtoto haishii kujaza kadi. Anamuuliza binti anafanya kazi gani, na akisikia yuko karashani kwenye kusaga mawe ya dhahabu, au kwamba dhahabu huchomwa na zebaki jikoni wanakopikia, anajua hatari iliyopo kwa mimba ile. Anatambua sonona ya mzazi kabla mama mkwe hajasema ni uvivu. Kule Elmira, jimbo la New York, katika miaka ya 1970 wauguzi walianza kuwatembelea majumbani kina mama wenye umri mdogo wenye mimba ya kwanza, wakaendelea nao mpaka mtoto alipotimiza miaka miwili. Marekani yenye hospitali zote zile iliona haja ya kumtoa muuguzi nje ya geti.

Tutajibiwa kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo. Ni kweli, mpango ulizinduliwa Januari 2024, lengo ni zaidi ya wahudumu 137,000 nchi nzima, na tunawathamini. Lakini mhudumu wa mafunzo ya miezi sita akikuta binti hali, halali, hataki hata kumshika mtoto, ampeleke kwa nani? Kwa muuguzi wa zahanati, ambaye muda huohuo anazalisha, anachanja, na vitabu vya takwimu vya MTUHA vinamngoja mezani! Mwenzake aliyepaswa kumsaidia alikwenda kusoma. Akisoma, hatumwoni tena.

Tusiambiwe kumrudisha muuguzi mbobezi zahanati haiwezekani. Usafiri wa dharura wa m-mama, ule wa namba 115, Shinyanga ni miongoni mwa sehemu ulikojaribiwa kabla ya kuenea nchi nzima. Tulikuwa miongoni mwa waliotangulia. Na chuo cha afya cha Kolandoto kiko mkoani humuhumu.

Vijana mlioko machimboni mnaotusikiliza, pigeni simu nyumbani leo, na siku ya kliniki ifahamuni! Wazazi, binti akibeba mimba msimfukuze. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shule akishajifungua, basi mleeni arudi! Waheshimiwa madiwani wa Kishapu, ombeni muuguzi mbobezi mmoja kwa kila kata, mpeni nyumba na pikipiki, na msomesheni kwa sharti la kurudi. Mkiambiwa ikama hairuhusu, ulizeni ni nani aliyeiandika, na nani amekataza isiandikwe upya.