Kadi ya Picha kwa Kompyuta Kongwe ya Chama: Kupima Kabla ya Kununua

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masasi na Newala



Mkulima wa Masasi au Newala aonapo maua ya mkorosho yamefunikwa na unga mweupe, hutambua kuwa huo ni ubwiriunga, naye hupiga salfa. Aonapo machipukizi machanga yamekauka na kuwa meusi, hutambua kazi ya mbu wa mikorosho, na salfa hataigusa, kwani mdudu huyo hutaka dawa ya wadudu. Hakuna mkulima makini anunuaye dawa kabla ya kuutambua ugonjwa. Lakini hekima hiyo ya shambani mara nyingi husahauliwa ofisini, siku kompyuta ya chama inapoanza kusuasua.

Wala kompyuta si pambo la ofisi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na katika msimu wa 2024/2025 minada ilihamia kwenye mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina mfumo wake wa kusimamia vyama, uitwao MUVU. Hivyo basi, kilo za mwanachama, jina lake na malipo yake hupita katika mashine hiyo. Ikikwama wakati wa malipo, anayeumia ni mzee aliyepeleka magunia yake ghalani na anayesubiri haki yake.

Ichukuliwe mfano wa chama kimoja cha msingi chenye kompyuta ya mezani ya mwaka 2013, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Karani analalamika kwamba kufungua orodha ya wanachama huchukua dakika nyingi. Fundi wa mjini anakuja, anaitazama mara moja, na kushauri inunuliwe kadi ya picha. Bodi ya chama inataka kukubali. Je, ushauri huo ni sahihi?

Jambo la kwanza ni kuelewa kazi ya kadi hiyo. Kadi ya picha hutengeneza kile kinachoonekana kwenye skrini. Inahitajika kwa michezo, kwa kuhariri filamu, kwa ramani kubwa za mashamba, au pale sehemu ya picha iliyomo ndani ya kompyuta inapokuwa imekufa. Kazi ya barua, hesabu na mtandao haitaki kadi kubwa. Prosesa nyingi za ofisini zimeundwa zikiwa na uwezo wa picha ndani yake, na uwezo huo watosha kabisa kwa leja ya chama.

Jambo la pili ni kupima. Katika Windows 10, karani akibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha akafungua ukurasa wa utendaji, ataona ni kiungo kipi kinacholemewa: prosesa, kumbukumbu, diski, au picha. Apime wakati kazi ile nzito inaendelea, si wakati mashine imepumzika. Diski ikionyesha asilimia 100 huku picha ikionyesha asilimia 5, basi kadi mpya haitaponya chochote. Tiba hapo ni kuitoa diski ya kuzunguka na kuweka diski ya SSD. Kumbukumbu ikiwa imejaa, tiba ni kuongeza kumbukumbu. Na mashine ikipata moto na kupunguza mwendo, huenda tiba ni kupuliza vumbi kwenye feni, kazi isiyogharimu zaidi ya nusu saa.

Jambo la tatu, endapo vipimo vimeonyesha kwamba kadi yahitajika kweli, ni kuhakikisha kwamba itakubaliana na mashine. Kwanza, umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 kwa wingi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Kompyuta nyingi za ofisini zina kisanduku kidogo ambacho hakina waya huo. Kwa hiyo kadi ya kutafutwa ni ile isiyotaka waya wa ziada: GeForce GT 1030 hutumia wati 30, Radeon RX 6400 wati 53, na GTX 1650 wati 75 kwa zile zisizo na waya. Pili, nafasi. Kasha jembamba hupokea kadi fupi ya nusu kimo tu. Kadi ya kimo kizima haitaingia hata kwa kulazimishwa.

Tatu, skrini. Vyama vingi vina skrini ya zamani yenye tundu la VGA, lile la buluu lenye matundu 15. GT 1030 haina njia hiyo ya picha, hivyo gharama ya kibadilishi au skrini nyingine lazima iingizwe kwenye hesabu mapema. Nne, jina pekee halitoshi. GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine ya jina hilohilo yenye kumbukumbu ya DDR4, inayosafirisha takriban theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Mnunuzi asome maandishi ya kwenye boksi, kama asomavyo namba ya mizani. Vilevile RX 6400, ya mwaka 2022, hutumia njia nne tu za tundu, hivyo hupoteza sehemu ya nguvu zake ikichomekwa kwenye ubao wa zamani.

Jambo la nne ni umri wa mashine yenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kadi ya picha haiwezi kuvileta viwili hivyo. Kwa kompyuta ya mwaka 2013, kila shilingi inayoongezwa yapaswa kuulizwa: je, itahama pamoja na chama kwenda kwenye mashine ijayo? Diski ya SSD yaweza kuhama. Kumbukumbu ya DDR3 haihami, kwani mashine mpya hazipokei aina hiyo.

Katika mfano uliotajwa, karani alipaswa kupima kabla fundi hajaandika bei. Angeona kwamba diski ndiyo iliyolemewa, na chama kingenunua SSD ya bei nafuu, kikaweka akiba ya mashine nyingine katika makisio ya msimu ujao. Na kabla ya kufungua kasha, angenakili daftari zote za wanachama kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini, maana orodha ikipotea hakuna duka linaloiuza.

Ndugu Makatibu, fedha ya kununulia kadi hutoka kwenye makato ya kilo za korosho. Mwanachama atakapouliza katika mkutano mkuu kwa nini imenunuliwa, jibu la kwamba fundi alisema halitoshi. Karatasi ya vipimo, bei za maduka matatu, na muhtasari wa Bodi viwe ndani ya jalada, ili mwanachama avisome mwenyewe.