Matengenezo ya Samani za Ofisi kwa Usalama na Ari ya Kazi: Mada kwa Watumishi na Watunza Stoo, Vigwaza



Maana ya samani, matengenezo na ari ya kazi mnayo kwenye makabrasha, sitaisoma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imembebesha mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Kiti kilichopasuka mguu ni hatari, kwa hiyo kimo katika jukumu hilo. Kabati la mafaili nalo: mafaili mazito yakae chini, kabati lifungwe ukutani, na droo mbili zisivutwe kwa pamoja, litakuangukia.

Sasa kiti cha kuzunguka. Malori yanayopita mizani yetu ya Barabara ya Morogoro hayatunyimi vumbi. Vumbi na nyuzi zikikaba kigurudumu, kiti hakitelezi tena, kinaburutwa, na mguu wa plastiki unapasuka. Shokapu, ile silinda inayopandisha na kushusha kiti, ikivuja, kiti kinashuka chenyewe, na mhasibu anajaza hati ya malipo kidevu kikiwa usawa wa meza. Anaandika dokezo. Anajibiwa asubiri bajeti. Bajeti inapita, fungu la kununua lina fedha, la matengenezo limefyekwa. Kiti hakitengenezwi, hakitupwi, kwa kuwa kina namba kwenye daftari la mali, hakifutwi, kwa kuwa kufuta kunataka uhakiki na idhini. Kinasukumwa koridoni, njia ile ile ya kukimbilia moto ukizuka.

Siwalaumu wenzetu wa ugavi. Taratibu zile zipo kwa sababu wapo waliokwisha kubeba mali ya umma nyumbani kwa jina la uchakavu. Ila nimelisema hili semina baada ya semina, na viti koridoni vinaongezeka. Matokeo yake mnayajua: mtumishi anaandika jina lake mgongoni mwa kiti kwa kalamu ya wino mzito, akienda likizo anakifungia, na wa kada ya chini anakalia kiti cha plastiki kilichonunuliwa kwa ajili ya wageni. Mtu huyo usimhubirie ari.

Lipo lisilosubiri kikao. Ndani ya shokapu mna gesi iliyoshindiliwa. Kuipeleka kwa fundi wa mageti aichomelee isishuke ni kumtuma akalipukiwe. Shokapu hubadilishwa nzima, haitobolewi wala haipashwi moto.

Napendekeza fungu la matengenezo ya samani litengwe na lisiguswe. Vigurudumu visafishwe kila mwezi, na kila ofisi iwe na bisibisi na spana. Vipuri vya viti viwili vibovu vizae kiti kimoja kizima, kwa maandishi, mtunza stoo na mkaguzi wa ndani wakijua. Uhakiki wa mali chakavu ufanyike kila mwaka, si mpaka stoo ijae. Tunaponunua, tuanze kuuliza vipuri vinapatikana wapi, ndipo tuulize bei. Na kwa vyumba vya mikutano turudi kwenye viti vya mninga vya miguu minne, ambavyo kiungo kikilegea, gundi na jiliwa vinatosha. Mafundi seremala wa hapa wapewe kazi hiyo. Fungu la matengenezo, narudia, lisiguswe. Na koridoni pabaki wazi, hata kama stoo imejaa.