CHAMA CHA WACHORA PICHA WA PARIS
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya faida ya chama. Twaleta mfano wa watu walio mbali nasi kwa nchi na kwa kazi, walakini habari zao zatufaa.

Zamani hizo mjini Paris mchora picha hakujulikana ila kazi yake ikubaliwe na waamuzi wa maonyesho makuu, yaitwayo Salon. Waamuzi walipenda mtindo wa kale. Nao vijana waliochora mwanga, maji na njia za mji kama macho yaonavyo walikataliwa mara nyingi. Basi, Desemba 1873, Monet, Pissarro, Renoir, Degas, Berthe Morisot na rafiki zao waliunda chama chao wenyewe.

Tarehe 15 Aprili 1874 walifungua maonyesho katika vyumba vilivyokuwa vya Nadar, mpiga picha. Kiingilio kilikuwa faranga 1. Picha zilipangwa kwa ukubwa wake na kwa kura, asipendelewe mtu. Walikuja watu wapata 3,500, wengi wao kwa kucheka. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alitwaa jina la picha moja ya Monet, akawabandika jina la dhihaka: Impressionnistes.

Hesabu ilipofanywa mwisho wa mwaka, kila mwanachama alidaiwa faranga 184.50. Chama kikavunjwa, lakini nia haikuvunjika. Mwaka 1876 walionyesha tena, na 1877 walilitwaa lile jina la dhihaka likawa jina lao. Hata kufika 1886 walikuwa wameonyesha mara 8. Magomvi hayakukosa, na wengine walirudi Salon. Pissarro peke yake alionyesha mara zote 8.

Ndugu, wako kwetu wasemao, "Ada twalipa, faida hatuioni," nao wataka kujitoa. Twawajibu hivi: sanduku la fedha ni chombo cha chama, si roho yake. Wale walipoteza fedha, wasipoteze shabaha. Hata hivyo deni lao latuonya tuangalie hesabu zetu kila mwezi, na kura yao yatufunza kwamba karani mdogo naye apewe nafasi ya kusema. Haba na haba hujaza kibaba; lakini kibaba hakijai ikiwa kila mtu afumba punje zake mkononi.