Maji Baridi Si Kisingizio

Mwaka 2020, hofu ya korona ilipotanda, ndoo za maji zenye bomba zilipangwa kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi sokoni Iringa mjini. Hofu ilipopungua, ndoo nyingi zikakauka. Kuhara na kipindupindu havikwenda likizo. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara.

Huku Nyanda za Juu Kusini tuna kisingizio chetu: baridi. Juni na Julai maji ya asubuhi yanauma, basi mtu anachovya ncha za vidole, anajifuta kwenye suruali, anamega ugali. Ndugu msikilizaji, maji baridi yanatosha kabisa. Kazi inafanywa na sabuni na kusugua: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, sekunde 20 hivi. Na lile beseni moja la watu sita tuliache. Wa mwisho ananawa uchafu wa watano. Birika la kumiminiana ni salama zaidi.

Shuleni kuna kibuyu chirizi: dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Mtoto ananawa bila kuligusa dumu.

Mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, na vyoo vikachimbwa vijijini. Leo halmashauri zinatoza ushuru sokoni na stendi kila siku. Kwa ushuru huo, ziweke maji na kipande cha sabuni mlangoni pa choo, wiki hii.