Homa Isiyo Malaria: Vipimo vya Vinasaba na Zahanati za Milimani



Anayepanda kutoka Korogwe mjini kwenda Dindira, kwenye milima ya Usambara, huacha nyuma mkonge na joto la bonde la Pangani, akakuta ubaridi na chai. Mbu wa malaria hapendi safari hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha vijiji vya miinuko mbalimbali ya Usambara, ulionyesha kwamba uambukizaji wa malaria uwandani uliuzidi ule wa nyanda za juu kwa zaidi ya mara 1,000. Kwa hiyo homa ya mtoto wa Handeni, uwandani, na homa ya mtoto wa Dindira, hata zikilingana kwenye kipimajoto, hazina uwezekano sawa wa kuwa malaria.

Tumechelewa kulizingatia hilo, na watu wamekufa. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 waliolazwa mahututi walitibiwa malaria. Vimelea vilionekana kwa 2,062 tu. Waliokuwa na vimelea walikufa 6.9 kati ya kila 100. Wasiokuwa navyo walikufa 12.1. Hao wa pili ndio nimekuja kuwasemea jioni hii.

Siku hizi zahanati ina kipimo cha haraka cha malaria, na ni msaada mkubwa. Tone la damu, dakika 15 au 20, jibu. Lakini kinachonaswa ni protini ya kimelea, ambayo huweza kubaki mwilini wiki kadhaa baada ya mtu kupona; na vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya kuitengeneza, ndiyo maana Eritrea ilibadili kipimo mwaka 2016. Juu ya hayo, jibu la “hakuna malaria” linamwacha mwuguzi palepale. Ni nimonia? Ni homa ya matumbo? Wilaya jirani ya Lushoto ilipata wagonjwa wa tauni zaidi ya 7,000 kati ya 1980 na 2004, na tauni nayo huanza kwa homa.

Kipimo cha vinasaba humtafuta mdudu mwenyewe. Huchukua kipande cha jeni zake na kukizidisha: kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, na baada ya mizunguko 30 vikapita bilioni moja. Njia ya zamani hudai mashine ya kupasha na kupoza kila mzunguko. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza njia inayofanya kazi kwa joto moja tu, nyuzi 65 hivi, na hapo mlango wa kifaa cha kubebwa mkononi ukafunguka. Mwaka 2019 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walieleza kipimo cha malaria cha karatasi ya kukunjwa walichokijaribu kwa watoto wa shule vijijini Uganda, kikatambua asilimia 98 ya waliokuwa na maambukizi.

Sasa nawaomba tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Uwandani, watu wazima wengi hutembea na vimelea vichache bila kuumwa. Kipimo kikali cha vinasaba kitaviona, mgonjwa ataandikiwa dawa mseto, na nimonia yake itaendelea kumla. Dindira, ambako wabebaji kama hao ni wachache, jibu lilelile lina uzito zaidi. Hata bakteria wa nimonia hukaa puani mwa watoto wazima wa afya. Kuiona jeni yake si kuuona ugonjwa. Kifaa ni kimoja, maana ya jibu hubadilika kwa mwinuko wa kijiji. Kwa hiyo silikubali wazo la kununua aina moja na kuigawa nchi nzima.

Na bei? Mashine ya vinasaba ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutambua kifua kikuu na usugu dhidi ya dawa ya rifampisini kwa chini ya saa mbili. Bei ya katriji yake moja ya kupimia ilishuka hadi dola 9.98 mwaka 2012, kisha 7.97 mwaka 2023 baada ya wanaharakati kupiga kelele miaka mingi. Mfadhili huleta mashine. Katriji, umeme na fundi hubaki mzigo wa halmashauri. Mashine hiyo haitaki chumba kizidi nyuzi 30, nanyi wa Handeni mnaijua Februari yenu.

Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba sampuli iliyopimwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, Kagera, ilikutwa na virusi vya Marburg, ikathibitishwa Dar es Salaam. Uwezo tunao, basi, nami nauonea fahari. Ninaloomba ni uwezo huo usingoje ugonjwa wa kutisha dunia.

Madiwani mliomo ukumbini, bajeti ijayo ianze na vituo viwili, kimoja milimani na kimoja uwandani. Apimwe mtoto mwenye dalili za hatari ambaye kipimo cha malaria kimesema hana. Na fedha za katriji za mwaka wa pili zitengwe kabla mashine ya kwanza haijafunguliwa.