Kinywe, Mwanga na Saratani ya Mlango wa Kizazi



Mto wetu wa Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kwenye maporomoko ya Shughuli. Huko juu, milima ya Mahenge imebeba kinywe, madini meusi ambayo wawekezaji wanayatafuta kwa ajili ya betri za magari. Leo nayazungumzia kwa kazi nyingine: kuua saratani kwa mwanga.

Kinywe ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandua tabaka moja kwa utepe wa gundi wa kawaida kabisa, wakapata grafini, unene wake atomu moja. Mwaka 2010 wakatunukiwa Nobel. Oksidi yake huchanganyika na maji na inaweza kubebeshwa dawa, lakini mimi kinachonivutia ni weusi wake. Mwanga wa infraredi wa nanomita 700 hadi 900 hupenya mwilini zaidi kuliko mwanga tunaouona, kwa kuwa damu na maji haviunyonyi sana. Kaboni huunyonya na kuugeuza kuwa joto. Seli za saratani zilizobeba kaboni zikimulikwa kwa leza hadi zifikie nyuzi 50 hivi za Selsiasi, hufa kwa dakika chache. Jirani zao zisizo na kaboni husalimika. Watafiti wa Stanford walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa neli za kaboni, yaani tabaka la grafini lililokunjwa kama bomba, ndani ya vyombo vya maabara.

Njia ya pili ya kuua saratani kwa mwanga ni ya zamani zaidi. Mwaka 1900, mjini München, mwanafunzi Oscar Raab aliona vijidudu vilivyotiwa rangi ya akridini vikifa mwangani na kupona gizani. Huko ndiko zilikotoka dawa zinazoamshwa na mwanga, ambazo huichochea oksijeni iue seli. Dawa hizo zimekwishaingia hospitalini. Kaboni bado iko kwa panya, na panya wenyewe wametoa onyo: mwaka 2008 neli ndefu na ngumu ziliwaletea uvimbe wa utando kama unaoletwa na asbesto. Anayewaambia kaboni haina madhara anawauzia kitu.

Tena mwanga wa infraredi, pamoja na sifa zake zote, huishia sentimita chache. Saratani iliyojificha ndani kabisa ya tumbo haifikiwi bila kuingiza waya wa mwanga mwilini. Kwa hiyo lazima tuchague saratani ya kuanza nayo, na mimi nachagua ya mlango wa kizazi. Inawapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka nchini Tanzania, na hufikiwa bila kisu.

Lakini mshindani wa grafini yupo tayari. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anamulika. Akiona doa jeupe ambalo bado si saratani, na linafaa kutibiwa hivyo, anachukua kifaa cha mkononi chenye ncha ya nyuzi 100 hivi na kuligusa kwa sekunde 20 hadi 40. Kifaa chaweza kutumia betri, na mama anarudi kwake siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Grafini ikienda kushindana naye kwenye doa hilo, itashindwa kwa bei tu.

Nafasi yake naiona hatua moja mbele, saratani inapokuwa imeingia milimita chache. Hapo kifaa cha joto hakiruhusiwi, na mama wa Salale au Mbwera, kwenye Delta ya Rufiji, anaanza safari: mashua inayongoja maji yajae, kisha gari mpaka Kibiti, kisha Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Wengi hufika huko ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na hapo mwanga wa sentimita chache haufui dafu. Leza bila kipimo cha siki kule visiwani ni pambo la maabara.

Basi wanafunzi wa fizikia na kemia wanaotaka kazi hii nawapa masharti matatu. Mchanganyiko wa kaboni uvumilie joto la Nyamisati, huko huko Deltani, bila friji. Leza iendeshwe kwa betri ya sola. Na kabla hatujamgusa mgonjwa hata mmoja, mnionyeshe kaboni hiyo inatoka mwilini kwa njia gani, na baada ya muda gani.