Injini Iliyofungwa Upya na Oili Inayopotea



Hakuna jambo linalomtia mwenye lori uchungu kama hili. Ameuza ng'ombe au amekopa fedha ili injini ya dizeli ifunguliwe, itiwe slivu mpya, pistoni mpya na ringi mpya. Lori limerudi barabarani, na baada ya safari mbili dereva anamwambia kwamba oili imepungua. Papo hapo fundi huitwa mwizi. Injini hufunguliwa tena, siku za kazi hupotea, mzigo huchukuliwa na mwingine, na pengine ringi zilizotolewa hazikuwa na kosa lo lote.

Yafaa kwanza ijulikane kazi ya ringi. Ukuta wa slivu mpya hauwi laini kama kioo. Kwa makusudi huachiwa mikwaruzo midogo sana inayokatana kama nyuzi za wavu, nayo hushika oili kidogo ya kulainisha. Ringi mpya bado hazijalingana na ukuta huo. Hugusa hapa na kuacha pengo pale. Katika siku za kwanza husuguana nao hadi zikaoana, na muda huo wote oili kiasi hupenya juu ikaungua pamoja na dizeli. Kwa hiyo kupungua kwa oili katika kilomita elfu chache za kwanza si ajabu.

Lakini ringi na ukuta huoanaje? Hapa ndipo wengi hukosea, tena kwa nia njema. Mwenye lori humwonya dereva aende polepole, asipakie kitu, aiache injini ingurume mahali pamoja asubuhi nzima ipate kuzoea. Kumbe nguvu inayozikandamiza ringi ukutani haitoki katika ringi peke yake. Sehemu kubwa hutoka katika msukumo wa dizeli inapoungua, ambao hupita nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Injini isiyo na kazi ina msukumo hafifu. Oili hubaki ukutani, huungua nusunusu, na uchafu wake hujaza mikwaruzo ile mpaka ukuta ukang'aa. Ukiisha kung'aa hivyo, ringi hazina tena cha kusuguana nacho, na oili itaendelea kupotea. Injini imeharibiwa kwa kudekezwa.

Basi, ikiisha kuhakikishwa kwamba presha ya oili ni nzuri na hakuna kinachovuja, lori lipewe mzigo wa wastani mapema. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ambayo huanza pwani na kupanda zaidi ya mita 1,600 katika mwendo wa karibu kilomita 480, yafaa sana kwa kazi hii, maadamu dereva haing'ang'anii gia kubwa mlimani mpaka injini ikalemewa, wala hapuuzi mshale wa joto. Kitabu cha waundaji kikieleza njia nyingine, kifuatwe kitabu.

Tena oili ipimwe, isikisiwe. Lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, oili ipewe dakika kadhaa kuteremka, kisha kila lita inayoongezwa iandikwe pamoja na kilomita zilizokwendwa. Lori linalotumia lita 40 za dizeli kwa kilomita 100 litatumia lita 400 kwa kilomita 1,000. Likiongezwa oili lita 2 katika mwendo huo, ni nusu ya sehemu moja katika mia. Hesabu hiyo ilinganishwe na kipimo cha kitabu. Ikiwa safari hii ni lita 2, ijayo lita moja na nusu, na ya tatu lita moja, ringi zinakaa mahali pake na fundi aachwe kwa amani. Lakini oili isiachwe kamwe kushuka chini ya alama ya mwisho, kwani beringi za kranki zikikauka, gharama ya kwanza yote imekwenda bure.

Iwapo hesabu haishuki, yako mengi ya kutazamwa kabla ya kugusa ringi. Kampresa ya hewa ya breki yaweza kunywa oili kimyakimya; tanki za hewa zikifunguliwa chini na kutoa oili nyingi, mwizi ameonekana. Turbo nayo yaweza kuvujisha. Moshi wa buluu unaotoka injini inapowashwa baada ya kusimama usiku kucha, kisha ukaisha, mara nyingi huonyesha sili za valvu. Mpira wa hewa uliopasuka baada ya filta huingiza vumbi, na vumbi la barabara zetu hula ringi mpya upesi sana. Oili ikionekana kuongezeka yenyewe, mtu asifurahi. Yaelekea dizeli inaingia ndani yake.

Hayo yakiisha kutazamwa, ndipo injini ifunguliwe. Slivu zilizong'aa zikwaruzwe upya na kutiwa ringi nyingine, na fundi aangalie vema alama ya upande wa juu iliyo katika ringi ya pili, kwa maana ringi hiyo ikipinduliwa huipandisha oili badala ya kuiteremsha.